Korona, miraa na mlango uliochelewa kufunguka

Sisi wa Mombasa tukitaja korona, la kwanza linalotujia ni Mji wa Kale ulivyofungwa Mei 2020, katikati ya Ramadhani. Siku hiyohiyo ilifungwa Eastleigh kule Nairobi. Ni wachache waliojiuliza Maua na Siakago wanakula nini.

Miraa ya Igembe na muguka ya Mbeere si mahindi ya kuweka ghalani. Ikishachumwa ina kama siku mbili tu, kisha ni ya kutupa. Kwa hiyo maradhi hayakuhitaji kufika shambani. Machi 2020 Somalia ilifunga anga yake, na Mogadishu ndiyo iliyokuwa soko kubwa la nje baada ya Uingereza kupiga marufuku miraa mwaka 2014. Aprili serikali ikazuia watu kuingia na kutoka Mombasa, Kilifi na Kwale. Magari ya mizigo yaliruhusiwa, lakini kaunti za Mombasa na Kilifi nazo zikakataza miraa na muguka, kwa hoja kwamba ulaji wake unaeneza virusi.

Hoja yenyewe siipingi. Anayejua kijiwe cha muguka anajua watu wanavyobanana, wanachovya mfuko mmoja na kutema ovyo. Barakoa haina kazi pale.

Lakini tazama yaliyofuata. Makali ya korona yalipungua, mlango wa Mogadishu usifunguke. Desemba 2020 Somalia ikavunja uhusiano na Nairobi, na kesi ya mpaka wa bahari ilikuwa bado iko The Hague. Ndege za miraa zilirudi Julai 2022. Zaidi ya miaka miwili mkulima wa Meru alilipia ugomvi wa wakubwa, ulioanza kwa jina la ugonjwa.

Na kwetu? Marufuku ililegea kimyakimya. Vijana waliokatiwa muguka ghafla, ile ndiyo ilikuwa nafasi ya kuwashika mkono na kuwatibu. Ikapita. Mei 2024 tukarudi palepale: Gavana Abdulswamad Nassir akapiga marufuku muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata, Mahakama Kuu ya Embu ikasimamisha amri. Embu walilia njaa, sisi tukalilia watoto wetu, na kila upande ulikuwa na haki ya kulia. Mkulima wa Mbeere bado anategemea jani lile, na mama wa Kisauni bado anamngoja mwanawe atoke kijiweni.