Kabla ya Kukatwa Kinyama cha Tumbo



Juma lililopita tulikwenda Nyamira kumjulia hali dada yetu mmoja, mzaliwa wa Pwani aliyeolewa huko. Tumbo limemsumbua miaka miwili. Kila lilipomchoma alinunua dukani dawa ya kupunguza asidi, akatulia, akaendelea na shughuli zake. Hatimaye alipelekwa mji wa Kisii, akapitishwa kamera tumboni na kukatwa vinyama vidogo vya kupimwa. Jibu lilisema hakuna bakteria. Alishukuru, lakini maumivu hayakwisha. Daktari wa pili ndiye aliyemuuliza: "Ulikuwa ukimeza dawa gani kabla ya kipimo?"

Swali hilo ndilo funzo letu la leo. Bakteria aitwaye Helikobakta pailori hukaa katika ute wa ukuta wa tumbo. Madaktari Barry Marshall na Robin Warren wa Perth, Australia, walifaulu kumwotesha maabarani mwaka 1982, na mwaka 2005 wakatunukiwa Tuzo ya Nobeli kwa kubainisha kuwa yeye ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Mwaka 1994 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walimtia katika orodha ya visababishi vya saratani. Basi kumkosa kwenye kipimo si jambo dogo.

Njia mojawapo ya kumtafuta ni hii. Kinyama hukatwa vipande vyembamba mno, kisha hutiwa kingamwili, yaani protini inayomtambua bakteria huyo na kumshika. Baadaye hutiwa rangi, na pale iliposhika kingamwili huonekana kahawia chini ya hadubini. Ziko kingamwili nyingine zinazofichua hata nasaba yake, kama ni wa kundi lenye protini ya CagA, ambalo madhara yake ni makubwa zaidi.

Lakini rangi haionyeshi kisichokuwamo. Dawa kama omeprazoli humpunguza bakteria na kumhamisha sehemu nyingine ya tumbo, hata kinyama kikakatwa pasipo naye. Kwa hiyo madaktari hutaka dawa hizo zisimamishwe wiki 2 kabla ya kipimo, na antibiotiki wiki 4. Wala mtu asizisimamishe kwa rai yake. Mwenye kidonda kinachotoka damu ana hukumu yake, na tabibu ndiye ajuaye.

Akina mama, baadhi yenu huona haya kutaja dawa mlizojinunulia. Mwili ni amana, na Mtume wetu (s.a.w.) ametuhimiza kujitibu. Kumficha tabibu habari ni kuiharibu tiba kabla haijaanza. Mwendapo kupimwa, chukueni pakiti za dawa zote mlizomeza, mziweke mezani mbele yake.

Dada yetu atapimwa tena. Tumuombee shifaa.

Wabillahi tawfiq.