Bei ya Picha Siyo Bei ya Bariadi

KUNA kasumba mpya inayoenezwa miongoni mwa watumishi wa umma na walimu wa mikoani, nayo yasema kwamba mwenye simu ya kisasa hana tena sababu ya kuonewa na duka. Afungue simu, atazame picha, alinganishe bei, achague iliyo ndogo, atume fedha na kungojea mzigo. Hapo atakuwa ameokoa. Kasumba hii ina chembe ya ukweli ndani yake, na ndiyo maana inaenea upesi. Uongo mtupu haufiki mbali. Lakini mtumishi wa Bariadi anayeimeza nzima nzima atagundua mwisho wa mwezi kwamba akiba aliyoambiwa ameipata haimo mfukoni wala haimo benki.

Swali ambalo wahubiri wa bei poa hawapendi kuulizwa ni hili: bei hiyo ni ya wapi? Picha iliyowekwa mtandaoni na muuzaji wa Kariakoo inataja bei ya Kariakoo. Kutoka hapo mzigo unapanda basi, unapita Dodoma, Singida na Shinyanga, unaingia Maswa, ndipo unapofika Bariadi. Na kwa wengi Bariadi yenyewe siyo mwisho wa safari. Mwalimu wa Mwanhuzi, wa Lagangabilili au wa kijiji cha ndani ya Busega hana budi kuufuata mzigo wake stendi au kumlipa mtu amletee. Katika kila kituo upo mkono uliokinga, na mkono huo haukuonekana katika picha.

Mfano wa hesabu utalifafanua jambo hili. Mwalimu wa Meatu ameona katika simu viatu vya shilingi 25,000, naye anajua kwamba viatu vya aina hiyo huuzwa 35,000 katika duka la mjini kwake. Anadhani ameokoa 10,000. Muuzaji anamtaka atume fedha "na ya kutolea": 2,000. Ada ya kutuma, 1,000. Kufunga mzigo na kuufikisha kwenye basi Dar es Salaam, 3,000. Nauli ya mzigo hadi Bariadi, 5,000. Gari au bodaboda hadi mlangoni, 3,000. Jumla ni shilingi 39,000 kwa viatu ambavyo angevipata kwa 35,000, tena akavijaribu mguuni kabla ya kulipa. Viwango hivi ni vya mfano, na kila mtu aweke vya kwake; lakini aviweke vyote, asiache hata kimoja, na aviweke kabla ya kutuma fedha.

Hiyo "ya kutolea" yastahili kutazamwa kwa makini, kwa maana ni ghilba ndogo iliyozoeleka hata ikaonekana adabu. Muuzaji akiwa na duka hamwambii mteja alipe umeme wa duka wala kodi ya pango juu ya bei ya kiatu. Gharama ya kutoa fedha kwa wakala ni gharama ya biashara yake. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, watumishi na wakulima waliipigia kelele nchi nzima, na Serikali ikaipunguza mwaka huohuo, kisha ikaipunguza tena 2022. Ni ajabu kubwa kwamba watu waliosimama kidete kuhoji tozo iliyotungiwa sheria na Bunge humlipa kimya kimya mtu wasiyemjua tozo aliyojitungia mwenyewe. Mfanyabiashara mwenye Lipa Namba hana kisingizio cha kudai ya kutolea, na mnunuzi huliona jina la biashara kabla ya kuthibitisha malipo. Asiyekuwa nayo na aulizwe kwa nini hana.

Haki yataka isemwe kwamba walimu hawakukimbilia simu kwa upumbavu. Walisukumwa. Kwa miaka mingi mwenye duka wa wilayani amekuwa na jibu moja kwa kila anayelalamikia bei: njia ni mbaya, magari hayafiki. Leo barabara ya lami inatoka Mwigumbi hadi Maswa, inafika Bariadi na kuendelea hadi Lamadi, ambako inakutana na barabara kuu ya Mwanza na Musoma. Lakini zipo bidhaa ambazo husafiri juu ya lami na bado huuzwa kwa bei ya vumbi. Mlanguzi wa namna hiyo ndiye aliyemfundisha mwalimu kutafuta duka ndani ya simu, na asishangae wateja wake wakipungua.

Wala hapana haja ya kuyatamani maduka ya zamani kana kwamba yalikuwa pepo. Bariadi ilipokuwa bado wilaya ya Mkoa wa Shinyanga, kabla ya Simiyu kuwa mkoa mwaka 2012, ilionja kila dawa iliyojaribiwa nchini. Shirika la Biashara la Taifa liliundwa 1967. Baadaye mzigo wake ukagawiwa kampuni za biashara za mikoa. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, na maduka mengi ya watu binafsi yakafungwa ili ya ushirika na ya vijiji yachukue nafasi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1980 rafu nyingi zilikuwa tupu, foleni za sabuni na sukari zilikuwa ndefu, na mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi ulikuta mali imefichwa chini ya vitanda. Nia ilikuwa njema. Lakini mwananchi hafui kwa nia. Hufua kwa sabuni.

Yako mafunzo mengine ya zamani zaidi, tena ya hukuhuku Usukumani, yanayomfaa mnunuzi wa leo kuliko hayo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima wa pamba wa Jimbo la Ziwa aliibiwa kwenye mizani. Mnunuzi ndiye aliyekuwa mwenye mizani, ndiye aliyeisoma, na ndiye aliyetaja uzito. Mkulima alisimama pembeni ameshika gunia tupu. Wakulima hawakusubiri mnunuzi apate haya. Waliweka watu wao wa kusimamia upimaji, wakaunda vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo vikaungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, karibu pamba yote ya jimbo ilikuwa ikipita mikononi mwa vyama vya wakulima wenyewe.

Picha ya mtandaoni ndiyo mizani ya leo. Muuzaji ndiye anayeipiga au anayeiokota mahali pengine, ndiye anayeipa jina, na ndiye anayetangaza kwamba zimebaki tatu tu na ofa inakwisha usiku. Wengine huficha hata bei: wanaweka picha peke yake na kumwita mnunuzi faragha ili wamwone kwanza ni nani, anafanya kazi gani, na mshahara umeingia au haujaingia. Bei inayonong'onwa faraghani haiwezi kulinganishwa na nyingine, na kulinganisha ndiyo faida ya pekee ambayo mtandao ulimwahidi mnunuzi. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inamtaka muuzaji wa mtandaoni amweleze mteja jina lake, mahali alipo, maelezo ya bidhaa na bei kamili pamoja na gharama zinazoambatana nayo. Ni wangapi kati ya wanaouza kwa picha wanaofanya hivyo? Na ni walimu wangapi, wasomi wenye vyeti, waliowahi kuwadai wafanye hivyo?

Jambo la risiti nalo hupuuzwa kwa hoja ya kwamba asiyetoa risiti huuza rahisi. Katika bajeti ya 2025/26 Serikali ilitangaza kushusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 18 hadi 16 kwa mnunuzi wa kawaida anayelipa kwa njia ya kielektroniki. Hiyo ni nafuu iliyokusudiwa kumfikia mtu wa mshahara. Lakini asiyedai risiti hana njia ya kujua kama nafuu hiyo imemfikia yeye au imeishia kwa muuzaji. Isitoshe, siku kitu kitakapoharibika, mnunuzi asiye na risiti atabaki na ujumbe wa simu na namba isiyopokelewa. Mtumishi wa umma anayelipwa kwa kodi za wananchi, kisha akafurahia bidhaa kwa sababu haikulipiwa kodi, amejichimbia shimo kwenye mshahara wake mwenyewe.

Kwa hiyo njia ya kuokoa ipo, ila siyo ile inayohubiriwa. Mahali ambapo mnunuzi mmoja hushindwa ni kwenye usafiri, na usafiri hauogopi bei poa, unaogopa wingi. Walimu kumi wa shule moja wakiagiza kila mmoja kivyake, watalipa nauli kumi, kufunga mizigo mara kumi, na bodaboda kumi. Katika mfano uliotolewa hapo juu, kila mmoja alitoa 11,000 kuufikisha mzigo, yaani 110,000 kwa watu kumi. Wakiagiza kwa pamoja katika gunia moja, hata wakitozwa 40,000, kila mmoja atakuwa ametoa 4,000. Hapo viatu vya 25,000 vinafika Mwanhuzi kwa 29,000 na ada kidogo ya kutuma fedha, na mwenye duka wa mjini anaanza kufikiri upya juu ya 35,000 yake. Tena muuzaji wa Kariakoo hamjibu mnunuzi wa jozi kumi kama anavyomjibu wa jozi moja. Atashusha bei na kusahau ya kutolea, na atajali viatu vyenyewe vikoje, kwa kuwa anataka gunia la pili.

Shule zina vyama vya akiba na mikopo, na maofisi yanayo. Mara nyingi vyama hivyo humkopesha mwanachama fedha akazitumie peke yake mbele ya picha. Kwa nini visiagize vyenyewe, mara mbili au tatu kwa mwaka, sare za watoto, daftari, viatu na vyombo vya ndani, kabla ya shule kufunguliwa Januari? Mjumbe mmoja aliye Dar es Salaam kwa shughuli nyingine aweza kwenda dukani, akashika bidhaa kwa mkono, akahesabu na kuchukua risiti. Huyo ndiye msimamizi wa mizani.

Watakuwapo watakaosema kwamba ushirika nao huibiwa. Ni kweli, na hakuna faida kulificha jambo ambalo kila mzee wa Simiyu analijua. Vyama vikuu vilivunjwa 1976 na kurejeshwa kwa sheria ya 1982, na kabla na baada ya hapo wako makatibu waliogeuza fedha za pamba kuwa nyumba zao. Lakini mwizi wa ndani ya chama cha walimu kumi anajulikana jina, anajulikana kwake, na hesabu yake husomwa mbele ya watu tisa wenye hasira. Mwizi wa kwenye simu huzima laini.

Na huyo wa kuzima laini asiachwe. Ujumbe wa kitapeli hupelekwa, pamoja na namba iliyoutuma, kwenda 15040, namba iliyotolewa na Mamlaka ya Mawasiliano kwa kazi hiyo; mtu aliyekwishatuma fedha na awahi polisi akiwa na kumbukumbu ya muamala. Wengi hunyamaza kwa aibu, hasa walimu, wakiona vibaya kujulikana kwamba msomi ametapeliwa. Aibu hiyo ni mtaji wa tapeli.

Maafisa biashara wa halmashauri za Simiyu wana kazi hapa pia. Wanajua bei za Mwanza na za Dar es Salaam, na wanaweza kuzibandika kila mwezi kwenye mbao za matangazo pamoja na nauli za mizigo zinazotozwa na mabasi, ili mwalimu ajue kabla ya kutuma senti moja bidhaa itamfikia kwa kiasi gani. Haihitaji bajeti kubwa wala semina. Ni karatasi moja na kalamu, na mwenye duka wa mjini na muuzaji wa kwenye simu wote wawili wataisoma. Bango la Januari laweza kuandikwa Desemba, wazazi wakiwa bado hawajaanza kununua sare.