Shuka Jeupe Uani

Mvua za vuli zikianza, taa ya uani huwa na wageni. Kumbikumbi hutangulia, wakapukutisha mabawa sakafuni, na watoto wakakimbilia ndoo. Nyuma yao huja nondo, na hapo wenye nyumba wengi huzima taa na kufunga madirisha. Wanajinyima tamasha la bure. Wataalamu wamekwisha kuorodhesha aina zipatazo 160,000 za nondo duniani, ilhali vipepeo wa mchana hawafiki 20,000.

Vifaa vya kuwatazama viko nyumbani: shuka jeupe, kamba ya kuanikia nguo, na balbu mbele ya shuka. Ile taa ndogo ya kukagulia noti bandia huwavuta vizuri zaidi, kwa kuwa macho ya nondo huona miale ambayo ya binadamu hayaioni. Usiku wa kufaa ni wa giza, wenye joto na mawingu. Mbalamwezi ikichomoza, wageni wa shuka hupungua. Taa izimwe mapema, maana nondo aliyeng'ang'ania shuka hadi alfajiri huliwa na ndege.

Kwa nini wanaifuata taa? Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba nondo wanaiona taa kuwa ni mwezi. Mwaka 2024 watafiti wakiwamo Samuel Fabian na Yash Sondhi walichapisha katika jarida la Nature Communications matokeo ya picha za kamera za kasi. Ilionekana kwamba mdudu haendi moja kwa moja kwenye taa, bali anaigeuzia mgongo. Porini usiku, anga huwa na mwanga kuliko ardhi, hivyo mwenye kuelekeza mgongo kwenye mwanga huruka wima bila taabu. Taa ikiwa ubavuni, mdudu hujipinda na kuzunguka bila kikomo; ikiwa chini yake, hupinduka na kuanguka. Washairi wa mapenzi, wanaoimba kwamba nondo huufuata mwanga kwa mahaba, watavumilia.

Mjusi kafiri hakusubiri utafiti huo. Yuko ukutani kila jioni, hatua chache kutoka kwenye balbu.

Kati ya wanaotua, Acherontia atropos huwatia watu hofu: ana alama ya fuvu mgongoni, na akishikwa hutoa mlio mwembamba. Hana dhara kwa mtu. Anayepaswa kumlalamikia ni nyuki, kwa kuwa huingia mizingani kunywa asali. Mwingine, adimu kidogo, ni Argema mimosae, mwenye mabawa ya kijani iliyochanganyika na manjano na mikia mirefu. Akishatoka kwenye kifukofuko hali chochote, maana kinywa chake hakifanyi kazi. Huishi siku chache kwa akiba aliyoiweka alipokuwa kiwavi.

Wapo nondo ambao kutazamwa kwao si burudani. Viwavijeshi wanaofyeka mahindi na malisho ni watoto wa nondo mdogo wa kijivu, Spodoptera exempta, anayesafiri na upepo usiku. Tangu miaka ya 1960 Afrika Mashariki imetumia mtandao wa mitego ya taa kuhesabu nondo hao na kutoa tahadhari. Baadaye ikaja mitego yenye harufu inayowavuta madume. Wilayani Kilosa, Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wanakijiji wenyewe walifundishwa kutumia mtego wa aina hiyo pamoja na kipimo cha mvua, wakawa wanabashiri hatari kijijini kwao kila wiki.

Tukirudi kwenye burudani, asiyekuwa na umeme apake shina la mti ndizi zilizoiva kupita kiasi, zilizopondwa pamoja na sukari guru na pombe kidogo, kisha arudi na tochi. Au asimame tu karibu na mpapai baada ya magharibi. Utafiti wa Dino Martins na Steven Johnson katika Bonde la Kerio nchini Kenya, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wachavushaji wakuu wa mipapai huko ni nondo wa ukoo wa Sphingidae, wenye ulimi mrefu na mbio nyingi. Maua ya mpapai dume yana mbochi. Ya jike hayana, na nondo huyazuru kwa kudanganyika. Wenye mipapai ya kienyeji wengi hung'oa madume yote kwa kuwa hayazai, kisha majike yakipukutisha matunda machanga, lawama huangukia udongo.