Shira Nyeusi Itokayo Ng'ambo

Ndugu wasomaji, na khasa nyinyi kina mama mlio na funguo za kabati la dawa, mwezi huu nataka tuzungumze juu ya ile chupa ya shira nyeusi ambayo jamaa zetu wakaao Uingereza, Marekani na Kanada hututilia katika mizigo yao. Jina lake ni elderiberi. Wengine huipata kwa sura ya vidonge, wengine kwa sura ya peremende laini za watoto. Aletaye husema neno moja tu: "Hii huongeza kinga ya mwili." Neno hilo ndilo nitakalo tulipime.

Kwanza tuujue mti wenyewe. Elda ni mti mfupi wa Ulaya, huota kandokando ya mashamba na njia. Huchanua maua meupe mwanzoni mwa majira ya joto, kisha hutoa matunda madogo yaivayo yakawa meusi karibu na majira ya majani kupukutika. Ndugu yake huota Marekani. Watu wa vijijini huko wameyatumia matunda hayo kwa mafua tangu zamani, kama bibi zetu walivyotumia tangawizi na asali, wala hatuna sababu ya kuwacheka. Lakini tunda hili lina sharti lake: haliliwi bichi. Majani, vijiti, magamba na matunda mabichi yana kitu kiwezacho kugeuka tumboni kikawa sianidi, sumu ile ile tuiogopayo katika muhogo mchungu, nayo huondoka kwa kupikwa vizuri. Mwaka 1983, katika jimbo la California, watu waliokuwa katika mkutano waliyaponda matunda hayo pamoja na majani na vijiti, wakanywa maji yake bila ya kuyapika. Wanane wakachukuliwa kwa helikopta hospitali, hawajiwezi kwa kutapika na kuumwa na tumbo. Walipona. Kijana akaaye huko asione kuwa kuchuma porini ni sawa na kununua dukani.

Ama kinga ya mwili, wengi huidhani kuwa ni kama maji ya mtungi, yakipungua hujazwa. Sivyo. Kinga ni askari wa namna nyingi walioenea katika damu, tezi na ngozi. Kazi yao ni kumtambua adui, kumpiga, na kumkumbuka. Kumkumbuka huko ndiko kuliko bora. Sisi waalimu wa chuoni twajua tofauti ya mtoto asikiaye sura kwa mara ya kwanza na yule aliyekwisha ihifadhi: wa pili huanza kabla hujamaliza kumtajia. Chanjo hufanya kazi hiyo. Huufundisha mwili sura ya adui kabla hajaja. Na kinga ikali kupita kiasi si neema. Wako wenye pumu ambao kinga yao hupigana na vumbi lisilo na dhara. Na katika ugonjwa wa baridi yabisi askari humgeukia mwenye nyumba, wakala viungo vyake. Basi mtu akisema "huongeza kinga," na aulizwe: ipi, na kwa kiasi gani?

Sasa, je, shira hii hufanya kazi? Wataalamu wameijaribu, nami nitataja majaribio matatu. Mwaka 2004 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Norwei: wagonjwa 60 wenye dalili za homa ya mafua, nusu wakinywa shira ya elderiberi na nusu shira ya kubuni isiyo na dawa, wala mgonjwa hajui anywayo ni ipi. Walionywa ya kweli walipata nafuu siku 4 mbele ya wenzao. Khabari njema hiyo, lakini watu 60 ni wachache. Mwaka 2016 likatangazwa jaribio la wasafiri 312 wa ndege waliotoka Australia: waliotumia elderiberi walioshikwa na mafua walikuwa 12, na wasioitumia 17. Tofauti hiyo yaweza kuwa bahati tu, ingawa mafua ya wale 12 yalikuwa mepesi zaidi. Kisha mwaka 2020, huko Marekani, wagonjwa 87 waliopimwa na kuthibitika kuwa na homa ya mafua walijaribiwa namna hiyo hiyo, na elderiberi haikuonyesha faida yoyote. Siku zao zilikuwa takriban 5 upande huu na 5 upande ule.

Kwa nini basi kila aitumiaye huisifu? Kwa sababu mafua ya kawaida huondoka yenyewe kwa muda wa siku 7 hadi 10. Ukinywa shira siku ya nne ukapona siku ya saba, utaishukuru shira. Na ungalikunywa maji ya ndimu ungaliyashukuru hayo. Tena sheria ya Marekani ya mwaka 1994 haimlazimishi mtengenezaji wa bidhaa za namna hii kuthibitisha, kabla ya kuuza, kwamba zafaa. Ndiyo maana utaona kwenye chupa neno la kinga kwa herufi kubwa, na kwa herufi za sisimizi kwamba bidhaa hiyo si ya kutibu ugonjwa wowote. Wengi wetu husoma herufi kubwa.

Herufi ndogo zatuhusu sisi zaidi. Peremende nyingi za namna hii hugandishwa kwa jelatini, na jelatini nyingi ya Ulaya na Marekani hutoka kwa nguruwe. Ziko pia zigandishwazo kwa pektini ya matunda. Hizo hazina shaka hiyo. Dawa nyingine za maji hukamuliwa kwa pombe, na karatasi yake husema hivyo. Mwambieni mletaji asome kabla ya kununua, maana kutupa kitu kilichokwisha vuka bahari ni uchungu.

Jambo la mtoto mchanga nalitilia mkazo. Shira nyingi za elderiberi hutiwa asali, na mtoto asiyetimiza mwaka mmoja hapewi asali hata kwa ncha ya kidole, kwani yaweza kuwa na mbegu za kijidudu kinachoota katika utumbo wake na kumlegeza viungo mpaka pumzi. Na mtoto wa umri wowote akipumua mbio, mbavu zikiingia ndani, au akikataa kunyonya na kunywa, huyo hana mafua tena. Achukuliwe hospitali saa ile ile, usiku au mchana, wala msingoje kuona kijiko cha pili kitafanya nini.

Kwa jamaa walioko nchi za baridi, chanjo ya homa ya mafua hutolewa kila mwaka, kwa kuwa virusi vyake hubadilika. Wazee na wenye maradhi ya kifua waiwahi kabla ya baridi kuingia. Mzee apendaye utamu wa shira yake, ikiwa imetoka kwa mtengenezaji anayejulikana na haina kilichokatazwa, simnyang'anyi. Ila mwenye kisukari atazame sukari iliyomo, na anayemeza dawa za kutuliza kinga amwonyeshe tabibu wake chupa hiyo kabla ya kuifungua.