MUHURI WA NYAMA HAUTOSHI



Twaambiwa nyama ni salama kwa kuwa ina muhuri. Muhuri huo hupigwa machinjioni, baada ya mkaguzi kutazama maini na mapafu ya mnyama kama yana ugonjwa. Ni kazi njema, wala hatuidharau. Lakini nyama ikisha kutoka pale, muhuri haujui italala dukani siku ngapi.

Julai 2019 televisheni ya NTV ilionyesha jinsi baadhi ya supamaketi za Nairobi zilivyotia nyama dawa ya sodiamu metabisalfaiti, ili iliyokaa ipate wekundu wa nyama mpya. Dawa hiyo yaweza kumbana pumzi mwenye pumu. Nani aliyefichua? Waandishi wa habari! Mabwana afya walikuja nyuma yao kuchukua vipande vya kupima.

Sasa twauliza: dawa ile hutiwa kwa mkono wa nani? Si wa tajiri. Tajiri hashiki nyama. Ni wa mwenzetu aliyeamriwa, ajuaye kwamba akikataa yuko mwingine mlangoni angoja kuandikwa. Yeye yuko pale kila siku, huona yote, naye amefungwa mdomo kwa mshahara wake.

Twataka Serikali imlinde mfanya kazi asemaye kweli juu ya chakula, asifutwe. Tena bwana afya akiingia dukani aseme na wakata nyama peke yao, meneja akae nje. Wajumbe wetu walipeleke jambo hili mbele ya matajiri katika mkutano ujao.