Tone kwa tone, mti unapona

Tuseme ukweli: kupanda miti si kazi, kazi ni kuilinda katika kiangazi. Huku kwetu Katanga mvua inakatika mwezi wa nne ao wa tano, na kurudi mpaka mwezi wa kumi. Mwembe mukubwa unavumilia, maana mizizi yake imeshuka chini sana. Lakini mchungwa ao mti wa avoka wa mwaka moja, mizizi yake iko hapa juu tu, unakauka.

Wengine wanasema: watoto wa mwaka wa kwanza wabebe ndoo. Sisi hatukubali. Maji ya kumwanga kwa mara moja, mengi yanatiririka pembeni na ingine jua inaimaliza. Kisima nacho kinapungua, na mpishi anangoja. Tena kunywesha miti kumegeuka azabu: ukichelewa, ndoo kumi! Nani atapenda mti wa namna hiyo?

Katika Israeli, muhandisi Simcha Blass aliungana na watu wa Hatzerim mwaka 1965 ili watengeneze mipira ya kutoa maji tone kwa tone. Sisi hatuna feza ya mipira, lakini bidoni za litre 5 hazikosi. Tutoboe chini tundu dogo kwa musomari, tuchomeke kijiti ili maji yasitoke mbio, tulegeze kifuniko hewa ipate kuingia. Maji yachujwe kwa kitambaa, la sivyo tundu litaziba. Bidoni isigusane na shina, na udongo ufunikwe na majani makavu. Tone moja kila segonde ni karibu litre 4 kwa siku, na sehemu kubwa inafika kwenye mizizi.

Mutasema bidoni zitaibiwa. Bidoni yenye tundu itabeba mafuta gani?

Shida ya kweli ni likizo kubwa. Inaangukia katikati ya kiangazi, na bidoni haijijazi yenyewe. Kwa hiyo tunaomba mambo mawili kwa wakubwa wa masomo: kila darasa lipewe miti yake, na wanaokaa karibu waandikwe zamu za likizo. Tena kunywesha miti kuondolewe katika azabu.

Sisi wa mwaka wa sita hatutakula machungwa hayo. Ni ninyi mutayakula. Basi muanze sasa, mbele mvua haijakatika.

Kapita wa wanafunzi, kwa jina la mwaka wa sita