Lori Bila Karatasi

Hapa Malaba lori likikosa karatasi moja, halivuki. Dereva atalala chini ya trela na kupiga simu Mombasa hadi salio liishe. Sijawahi kusikia mtu akimtetea eti sheria ya forodha imezeeka.

Lakini kampuni ya kigeni ikikosa karatasi mgodini, tunaambiwa Kenya ni hatari kwa wawekezaji.

Sawa, sheria yetu ya madini ilikuwa kuukuu kweli. Mkoloni aliitunga 1940, nasi tukaibeba hadi 2016. Kalamu ya kutoa leseni na ya kufuta zilikaa ofisi moja. Machi 2013, siku tatu tu baada ya uchaguzi mkuu, Cortec ilipewa leseni ya kuchimba Mrima, kule Kwale. Agosti, waziri mpya, Najib Balala, akaifuta. Hata mimi ningeshtuka.

Kesi ikafika kwa wasuluhishi wa kimataifa, ICSID, na mwaka 2018 Cortec ikashindwa. Mrima ni msitu uliohifadhiwa, na kampuni haikuwa na kibali cha tathmini ya mazingira. Sheria inayodai kibali hicho ni ya 1999, si ya mkoloni. Wasuluhishi wakasema leseni ilikuwa batili tangu mwanzo. Lori bila karatasi, basi.

Sasa niambie, sheria ya 1940 ilimuumiza nani zaidi? Kijana anayetafuta dhahabu kwa sururu na beseni hapa Busia hakuwa na nafasi ndani yake. Alichimba kama mwizi kwenye ardhi ya babu yake, na hakuwa na wakili wa kumfikisha Washington. Sheria ya 2016 imemtambua: kamati ya wachimbaji wadogo katika kila kaunti, na asilimia 10 ya mrabaha kwa jamii ya mahali panapochimbwa. Vizuri. Lakini sheria mpya isiyofika shimoni ni kuukuu tu iliyopakwa rangi.

Na hapo ndipo hatari ya mwekezaji ilipo. Anapewa ramani Nairobi, anafika kijijini na kukuta watu tayari wako chini ya ardhi, hawana kibali na hawana pa kwenda. Huo ugomvi hakuna msuluhishi wa ng'ambo atakayeumaliza.

Kwa hivyo anayetaka kupima hatari ya sheria zetu asianzie mikutano ya hotelini. Aje huku, amuulize huyo kijana: kibali chako kiko wapi? Kama hana jibu, mwekezaji naye asijidanganye kwamba lake liko salama.